Ua la Salfeti

Alizaliwa wapi sijui, na baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi sijui pia, jambo ambalo kwetu Bariadi ni sawa na kusema mtu hakuzaliwa. Mimi nilimkuta tayari mtu mzima, tayari na miwani, tayari anamsumbua mtu kuhusu nyuzi. Tulimwita Mkaguzi. Mke wake alimwita Mkaguzi. Nadhani hata yeye akijikwaa alijilaumu kwa cheo hicho hicho.

Cheo chenyewe kilikuwa kimekufa. Enzi za ushirika, Mkaguzi ndiye alikuwa anasimama mlangoni mwa kinu cha pamba, anaingiza mkono kwenye gunia mpaka begani, anatoa konzi, anaivuta, anainusa, kisha anasema neno moja kati ya mawili. Safi. Au fifi. Safi ilikuwa pamba nyeupe isiyo na jani wala doa. Fifi ilikuwa iliyobaki. Watu wazima wenye wake wawili walisimama mbele yake mikono nyuma, wakisubiri neno hilo kama watoto wanaosubiri majibu ya mtihani. Halafu soko huria likaja, wakaja wanunuzi na malori yao, na wao walikuwa na daraja moja tu, nalo linaitwa leta. Ikiwa na mchanga, leta. Imemwagiwa maji, leta lakini usimwambie mtu. Mkaguzi akabaki nyumbani na neno lake la fifi, hana pa kulisemea.

Akaanza kulisema kila mahali. Alikuwa anakagua chakula cha msibani. Alikagua mahubiri: Jumapili moja, tunatoka kanisani, mchungaji alimwuliza ameonaje neno la leo, akajibu, "Mwanzo safi. Katikati palikuwa na majani." Ukisalimiana naye, mkono wa kulia unakupa salamu, wa kushoto unashika ukingo wa shati lako na kuvuta uzi. "Mwangaluka, Baba Shija," ananiambia, na kabla sijaitika, "hii si pamba yote. Humu wamechanganya." Shati lilikuwa la mtumba, lilitoka Ulaya likiwa na heshima zake, lakini kwa Mkaguzi lilikuwa mtuhumiwa.

Niseme na mimi ni nani, ili ujue unamwamini mtu wa namna gani. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nilimaliza kidato cha nne na kupata daraja ambalo cheti chenyewe kinaonea aibu kulitaja. Nina shamba la pamba Ngulyati, karibu kiasi kwamba naweza kwenda na kurudi bila kuaga. Safari yangu kubwa maishani ni Dutwa kwa baiskeli, nayo nilirudi siku hiyo hiyo kwa sababu chai yao ilikuwa na ladha ya ugenini. Watu kama mimi tunapenda kukaa nyumbani na kuwacheka wanaohangaika. Na Mungu, kwa kunijali, akanipa Mkaguzi dirishani.

Chuki yake kubwa ilikuwa salfeti. Soko huria halikuja Bariadi mikono mitupu. Lilikuja limebeba ndoo, jagi, kandambili, viti, na zaidi ya yote ile mifuko myeupe iliyofumwa, ya mbolea na ya sukari, tunayoiita salfeti. Zamani pamba ilisafiri kwenye magunia ya katani. Gunia la katani likichakaa linakuwa kamba, linakuwa tambara, mwisho linakuwa udongo. Salfeti ikipigwa jua msimu mmoja inaanza kumwaga nyuzi nyeupe, nyembamba, na nyuzi hizo zikiingia kwenye pamba hakuna jicho la kuzitenganisha. Zinasokotwa nayo, zinafumwa nayo, na siku kitambaa kinapotiwa rangi pamba inakubali rangi na plastiki inakataa. "Shati jekundu lenye mstari mweupe ambao hakuna aliyeuomba," alikuwa anasema. "Na mstari ule umetoka Bariadi."

Haya aliyasema akiwa amekalia kiti cha plastiki, miguuni kandambili za plastiki, mkononi kikombe cha plastiki. Nilimwonyesha hilo siku moja kwa upole wangu wote.

"Mkaguzi, mbona umekalia adui?"

Akajiangalia. "Adui yuko mahali pake," akasema. "Plastiki kwenye kiti ni safi. Plastiki kwenye pamba ni fifi. Hata wewe, Baba Shija, ukiwa kwako ni mtu wa maana."

Na hapa ndipo pagumu kumweleza mtu huyu, kwa sababu aliichukia plastiki na aliipenda kuliko mimi ninavyompenda mtu yeyote nje ya familia yangu. Enzi za ushirika walimpeleka kozi ng'ambo, nchi ya baridi, miezi sita, akajifunze mambo ya nyuzi. Wenzake waliorudi na kozi walirudi na redio na makoti. Yeye alirudi na bati la biskuti, ndani yake vipande viwili vya kioo vyenye rangi ya moshi vilivyofungwa kwenye soksi. Ukiviweka kimoja juu ya kingine mwanga unapita. Ukikigeuza kimoja robo duara, giza. Alinionyesha mara nyingi, na kila mara alikuwa anashangaa upya, kama mtu aliyegundua kwamba mlango wake unafunga.

Kule ng'ambo walimfundisha kitu kinachoitwa mtawanyiko wa mwanga. Nitakieleza kama alivyonieleza, na ukielewa, umenipita, maana mimi ilinichukua miaka.

"Umewahi kuona mshumaa ukiyeyuka?"

"Nimewahi."

"Ukiyeyuka unakuwaje?"

"Kama maji."

"Ukipoa?"

"Mweupe."

"Kwa nini?"

Nikasema kwa sababu ni mshumaa. Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniambia fifi bila kunitukana mbele ya mke wangu.

Plastiki, akasema, ni nyuzi ndani ya nyuzi. Ule uzi mmoja unaouona umejaa nyuzi nyingine ndogo zisizoonekana, ndefu ajabu. Ikiwa ya moto zimevurugana kama tambi kwenye sufuria, mwanga unapita katikati bila kizuizi, ndiyo maana unaona kama maji. Ikipoa zinaanza kujikunja na kujipanga, mahali pamoja, mahali pengine, vifundo vifundo vya fuwele vinavyokua kuelekea kila upande. Mwanga ukivigonga unatawanyika. Vikiwa vingi, jicho linaona weupe. Ukiipitisha taa moja nyembamba katikati ya vile vioo viwili vya moshi, hapo unapoiweka plastiki inayopoa, ule mwanga uliotawanyika unaangukia ukutani na kuchora ua. Ua la petali nne. Na kadiri vifundo vinavyokua, ua linazidi kuwa dogo.

"Yaani ndani vikikua, nje linapungua?"

"Ndiyo."

"Kama serikali."

Hakucheka. Alikuwa anaogopa utani kama wengine wanavyoogopa nyoka, alisimama kabisa mpaka upite.

Basi alitengeneza chumba. Ilikuwa stoo ya mahindi nyuma ya nyumba, paa la bati, dirisha moja ambalo aliliziba kwa blanketi. Kazi yake aliifanya saa nane mchana, kwa maelezo kwamba mchana jua linapasha chumba na plastiki haipoi kwa haraka. Ni kweli, na yeye pia hakupoa. Alitoka humo amelowa kama aliyevuka mto. Taa mwanzoni ilikuwa tochi aliyoifunga karatasi yenye tundu la sindano, ikamchosha, mpaka wachuuzi wa mnadani walipoanza kuuza zile kalamu za kuning'inizwa kwenye funguo zinazotoa nukta nyekundu ya leza. Vijana walizinunua kuwamulika wasichana. Mkaguzi alinunua tatu, na mji mzima ukajadili anammulika nani.

Kwa kuyeyushia alitumia pasi ya mkaa ya mke wake, akaigeuza juu chini. Plastiki aliiweka katikati ya vipande viwili vyembamba vya kioo cha dirisha, akavilaza juu ya tumbo la pasi mpaka iyeyuke, kisha akavihamisha kwa koleo hadi kwenye tofali lenye mfereji, lililopashwa moto kabla, ili ipoe taratibu. Kifaa hicho chote kilikuwa na akili sana isipokuwa sehemu moja: mke wake alihitaji pasi.

"Mkaguzi, pasi yangu."

"Bado."

"Nina kwaya saa kumi."

"Bado, mama. Inaganda."

Alikwenda kwenye kwaya na gauni lenye mikunjo kwa miaka mingi. Wenzake walidhani ndiyo mtindo wa waliokwenda ng'ambo.

Mtu akijifungia gizani mchana na mwanga mwekundu unachungulia chini ya mlango, watu hawatangoja maelezo. Mzee mmoja alitembea kutoka Kasoli, akapiga hodi kwa adabu zote, akasema amepotelewa na ng'ombe dume, mweusi, baka jeupe begani.

"Baba," Mkaguzi akamwambia, "mimi humu naangalia plastiki."

"Sawa. Ukimaliza plastiki, mwangalie na yeye."

Walibishana mpaka chai ikaletwa. Mwishoni Mkaguzi, kwa kuchoka, akamwingiza, akamwonyesha ua. Mzee aliliangalia muda mrefu likijikusanya ukutani, kisha akasema anashukuru, amekwishaelewa, akaondoka. Wiki ya pili yake akaja na jogoo. Dume amepatikana, kwenye njia panda yenye matawi manne. Mkaguzi alimrudisha jogoo huyo mara mbili. Mara ya tatu mke wake alimpokea mlango wa nyuma, na mimi nilialikwa, kwa hiyo suala la kama ilikuwa sahihi sitaliingilia.

Mimi nami nilikuwa na dawa yangu ya kumkata maringo. Nilimwambia vioo vyote hivyo vya nini, uzi wa plastiki unajulikana kwa kiberiti. Ukiuchoma, pamba inaungua kama karatasi, plastiki inajikunja na kudondoka. Bibi yangu alilijua hilo, na hakuwahi kwenda ng'ambo.

"Kiberiti kinakuambia kitu kimekufa," akasema. "Mimi nataka kujua kinavyozaliwa."

Nilikwenda kulirudia hilo kwa kila mtu kama kichekesho. Nililirudia mpaka siku moja nikajikuta nalitafakari, nikaacha.

Sasa kuhusu lundo. Nimelichelewesha makusudi, na utaona sababu.

Kulikuwa na msimu ambao wakulima wa upande wetu wa Ngulyati tulijiunga, watu kumi na kitu, tukarundika pamba yetu pamoja, kwa sababu alikuja mnunuzi mmoja aliyekuwa tofauti na wale wa leta. Huyu alitaka pamba safi tu. Alichukua lundo zima au hakuchukua kitu. Wale wengine walikuwa wameshafunga na kuondoka, hivyo likikataliwa hilo, pamba ya mwaka mzima ingelala hapo mpaka mvua ziikute. Karani wake akaja, kijana mwenye viatu vyeupe, akaingiza mkono kwenye lundo na kutoa uzi mrefu mweupe, akauinua juu kila mtu auone.

"Hii plastiki," akasema. "Lundo lote linabaki."

Wazee wakasema si plastiki, ni uzi wa pamba uliosokotwa na upepo. Mtu akatoa kiberiti, akachoma ncha yake. Uzi ulikuwa umezongwa na pamba, ukawaka, ukajikunja, ukatoa moshi; wa kwetu wakasema umeungua kama karatasi, karani akasema umedondoka. Tukawa tunapigia kelele jivu. Mwisho karani akasema bosi wake alifundishwa kazi na mkaguzi fulani wa zamani wa hapa hapa, na kama mtu huyo bado yuko hai na akisema ni pamba, yeye atapakia.

Kila mtu akageuka kuniangalia, mimi jirani. Nikaambiwa nikamlete.

Nilikwenda polepole sana. Watu walidhani ni kwa sababu ya jua. Ukweli ni kwamba mwaka huo sikuwa na magunia ya katani. Nilivunia kwenye salfeti za mbolea, zilizokaa juani mwaka mzima nyuma ya nyumba, na zile zilizochanika nilizishona kwa nyuzi nilizozichomoa kwenye salfeti nyingine. Nilijivunia ubunifu huo. Siku ya kukusanya nilimwaga pamba yangu kwenye lundo alfajiri, wa kwanza kabisa, nikaficha mifuko, na wenzangu wakanisifu kwa kuwahi.

Mkaguzi alikuja na bati lake la biskuti. Hakuutazama uzi hata mara mbili. Alisema hatatoa neno kwa jicho, kwa sababu kila mtu pale alikuwa na macho na hayo ndiyo yaliyoleta ugomvi. Akachagua mashahidi watatu wa kwenda naye chumbani: karani, mzee mmoja wa kikundi, na mimi. Akauosha uzi, akautoa pamba kwa kibano, akaulaza katikati ya vioo, juu ya pasi.

Pale gizani, jasho likinitiririka hadi visiginoni, nilimwomba Mungu ua lisichanue. Sijawahi kuomba kitu cha kijinga namna hiyo, na nilisoma fizikia. Mkaguzi akahamisha vioo kwenye tofali, akawasha kalamu. Ukuta ukawa mtupu. Mzee akaanza kushukuru. Halafu likaja, kubwa, hafifu, petali nne kama moshi mwekundu, likajikunja taratibu kuelekea katikati, likawa dogo, likawa kali, likakaa pale ukutani likinitazama.

"Ni plastiki," Mkaguzi akasema. "Karani yuko sahihi."

Ninakumbuka uso wa yule mzee. Alikuwa na kijana wa kumpeleka shule kwa pamba ile, na aliyeyatangaza hayo alikuwa mtu wake mwenyewe, aliyeitwa kumtetea. Tulipotoka nje na kutangaza, kikundi kikamgeukia Mkaguzi. Wakamwambia ndiyo maana hana kazi. Wakamwambia arudi kwenye maua yake. Mimi nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote, nadhani hilo umeshalikisia.

Yeye akangoja watulie. Akauliza, "Nani alivunia kwenye salfeti?"

Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Basi," akasema, akamgeukia karani. "Tukizitoa zote, utarudi?"

Karani akasema anampa siku nne, kwa heshima ya bosi wake. Mkaguzi akakunja mikono ya shati, akaketi chini pembeni mwa lundo, akaanza kuchambua. Konzi kwa konzi. Hakuwa na hata kilo moja mle ndani. Waliomtukana wakaona aibu, wakakaa. Mwishowe tukakaa wote, wake zetu pia, tukachambua pamba mara ya pili kama vichaa. Siku ya pili akahamia kukaa kando yangu. Kisha akasema, chini chini, macho yakiwa kwenye vidole vyake:

"Baba Shija, unazipata nyingi kuliko wenzako."

"Nina macho mazuri."

"Hapana," akasema. "Unajua zilipo."

Akanyoosha mkono wazi. Nikaweka ndani yake nyuzi nilizokuwa nimezikusanya. Akazifunga kwenye karatasi, akaitia mfukoni, akaendelea kuchambua. Siku ya nne karani alirudi, akaingiza mkono mpaka begani mara saba, akapakia. Kijana wa yule mzee alikwenda shule. Na Mkaguzi hakumwambia mtu, si siku hiyo, si mwaka huo, si hata alipokuwa amenikasirikia kwa mbuzi wangu kula blanketi lake la dirisha. Mtu mwenye siri yako anaweza kuitumia kama fimbo. Yeye aliikalia tu, kama kile kiti. Ilinitesa zaidi, nikaendelea kumcheka kwa bidii mpya.

Alikuwa na kidonda kimoja, na nilikijua kwa mke wake. Kule ng'ambo, mwishoni mwa kozi, alibishana na mwalimu wake. Swali lilikuwa dogo kiasi kwamba unaona haya kulitaja: plastiki ikipoa, kipi kinatangulia, ua au ukungu? Je, ua linaonekana ukutani wakati plastiki yenyewe bado ni angavu kama maji, au lazima kwanza ianze kuingia weupe? Mkaguzi alisema ameona moja kati ya hayo mawili. Mwalimu akasema ni kinyume, na akaongeza, "Umeona unachotaka kuona." Kumwambia hivyo mtu ambaye kazi yake yote ni kutosema anachotaka. Kozi ikaisha, akapanda ndege na vioo vyake. Miaka yote ile ya stoo, jasho na pasi ilikuwa ni hiyo tu. Na hakumwambia mtu yeyote, hata mke wake, yeye alikuwa upande gani. Alisema ukimwambia shahidi jibu, umeshamharibu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia alimtuma mke wake aje kuniita. Alikuwa amezeeka, mimi pia, lakini yangu haikuonekana kwa sababu sikuwahi kufanya lolote. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea mlangoni lakini pembeni kidogo ya mahali niliposimama. Macho yake yalikuwa yameingia weupe, yote mawili.

"Mwadila, Baba Shija," akanisalimu. "Unayaona?"

"Nayaona. Pole, Mkaguzi."

"Usinipe pole, ni jambo safi kabisa," akasema. "Kioo cha jicho kilikuwa angavu. Vitu vya ndani vimejikusanya, mwanga unatawanyika. Miaka yote nimeangalia ugandaji, sasa naangalia kutokea ndani."

Walikuwa wanakuja madaktari wa macho, mwezi uliofuata, na mke wake alikuwa amemwandikisha. Lakini yeye alikuwa ameshakagua jambo hilo pia: anaweza kuona tena, anaweza asione. Na kioo kimoja cha moshi kilikuwa kimepata ufa unaoendelea. Alitaka jibu wakati bado kuna kioo.

"Kwa nini mimi? Kuna walimu pale sekondari."

"Walimu watataka kunifurahisha. Wewe ni mwongo," akasema, "lakini ni mwongo mwenye aibu. Na wewe hujui ninataka nini."

Tukaingia stoo, saa nane mchana, joto lile lile. Mke wake alikuwa mkono wake sasa. Yeye ndiye aliyelaza vioo juu ya pasi na kuvihamisha kwa koleo. Nyuma ya vioo Mkaguzi alikuwa ameweka kipande cha gazeti kilichopata mwanga kidogo wa chini ya mlango, nikione kupitia kwenye kioo kwa pembeni. "Herufi zikianza kufifia, sema ukungu. Ukutani ukiona petali, sema ua. Usiseme kitu kingine."

Akawasha kalamu kwa kupapasa. Nikaangalia ukuta, nikaangalia gazeti, ukuta, gazeti. Sikuona kitu. Nikangoja mpaka macho yakauma.

"Vipi?"

"Sioni kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Angalia vizuri. Wengine wameshaliona sasa hivi."

Hapo nilikuwa na hakika nimemwangusha. Mzee kipofu, miaka yote, na jirani yake hawezi hata kumwonea ua moja. Ulimi wangu, naujua, ulikuwa umeshajiandaa kuliona.

"Sioni, Mkaguzi," nikasema. "Nisamehe."

Akatoa pumzi. "Vizuri. Hakuna kitu mle kati ya vioo. Mama hakuweka." Kisha, "Sasa tuanze. Bati, kibahasha cha chini kabisa. Toa uzi mmoja."

Nikalifungua bati kwenye mwanga wa mlangoni. Kibahasha kilikuwa karatasi iliyokunjwa, imegeuka njano, na juu yake, kwa ule mwandiko wake wa kiwandani, jina langu kamili la ubatizo, na chini yake neno moja: fifi. Ndani zilikuwemo nyuzi nyeupe. Mke wake alikuwa anapuliza mkaa, hakuniangalia. Nikatoa uzi mmoja wa salfeti yangu, nikampa.

Ukayeyuka, ukawa maji. Ukahamia kwenye tofali. Ukuta, gazeti. Ukuta, gazeti. Herufi zilikuwa wazi, naweza kuzisoma hata leo, ilikuwa habari ya mpira. Halafu ukutani, kubwa, hafifu, kama pumzi nyekundu.

"Ua," nikasema.

Nikaendelea. Gazeti bado safi. Ua likaanza kujikusanya. Nilihesabu pumzi zangu, zilikuwa nyingi, kabla herufi ya mwisho ya mstari haijaanza kulowa weupe.

"Ukungu."

Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, naye hakulifuta.

"Una uhakika na mpangilio huo?"

"Nina uhakika."

"Ungeapa?"

"Nisingeapa. Ungejua nadanganya."

Akatikisa kichwa taratibu, juu na chini.

"Ulikuwa unataka lipi?" nikamwuliza.

"Sikuambii. Leta ile karatasi. Andika ulichoona."

Nikaipapasa ile karatasi yenye jina langu. "Nifute hili neno la juu kwanza?"

"Mkaguzi hafuti," akasema. "Andika chini yake."

Nikaandika gizani, kwa mwanga wa ua lenyewe: ameona ua kwanza, ukungu baadaye. Mstari ulipanda mlima. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia tena, nikasoma tena, na safari hii alikuwa ameugeuzia uso ukuta, sawasawa kabisa pale lilipo, ingawa hakuweza kuliona.

"Mara moja haitoshi," akasema. "Toa uzi mwingine."

Mke wake akasimama, akajifuta mikono kwenye khanga. Kwaya ilikuwa saa kumi. "Mkaguzi," akasema, "sasa naweza kupata pasi yangu?"

"Bado," tukasema, wote wawili.